Antena ya Bomba la Maji

Sikutengeneza antena ile kwa kupenda sayansi. Niliitengeneza ili baba yangu aache kunilaumu kwa makosa ya mawimbi ya hewa.

Baba yangu ni mtu wa redio. Simaanishi kwamba anasikiliza redio tu, kwa maana wasikilizaji wako wengi. Yeye kwake jambo halijatokea mpaka mtu aliye mbali, ambaye hajawahi kukanyaga Kivu, alisome kwa sauti nzito. Alikuwa akiishi Kibati wakati mapigano yaliposogea, na mimi nilipanda pikipiki kutoka Goma kwenda kumchukua. Nilikuta majirani wanapita mbele ya nyumba yake na magodoro kichwani. Mabomu yalikuwa yanalia nyuma ya kilima. Hata mbuzi walikuwa wameshaondoka. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti chake, redio magotini.

"Papa, tuende," nilimwambia.

"Ngojea habari."

"Habari njo ile inalia kule! Hausikii?"

"Ile ni makelele," akasema. "Habari itakuya saa yake."

Saa yake ilipofika, bwana mmoja wa ng'ambo alitangaza kwa Kifaransa safi kwamba mapigano yameripotiwa kaskazini mwa Goma. Baba akazima redio, akasimama, akavaa koti lake.

"Umesikia?" akaniambia, kama mtu anayenifichulia siri. "Kuko vita."

Tulishuka na kundi la mwisho. Yeye alibeba redio. Mimi nilibeba maisha yake yote yaliyobaki, pamoja na betri za akiba.

Nyumba yangu iko upande wa Mugunga, ya mbao na mabati, juu ya mawe meusi ya volkano kama za majirani zangu wote. Hatukukaa sana kabla vita havijatufuata huko, vikapita juu yetu, na tulipotoka chini ya vitanda tukakuta mji una wakubwa wapya. Kuran, yaani umeme, ilikatika. Mtandao ulikuja na kuondoka. Redio za mjini, zile zilizobaki hewani, zilipiga nyimbo za dini na kutukumbusha kufagia mbele ya nyumba zetu. Simu zilipopata mtandao zilituletea sauti za watu waliosikia jambo kutoka kwa binamu wa dereva wa mkubwa fulani. Kila mtu alijua kila kitu, na hakuna aliyejua kama soko lingefunguliwa kesho.

Katika hali hiyo baba alihitaji redio yake kuliko dawa zake za presha. Lakini redio iliyosikika vizuri kule Kibati, kwa mlingoti wake uliovunjika na kuungwa kwa spoki ya baiskeli, kwangu ilitoa mlio tu, kama nyuki waliofungiwa ndani ya ndoo. Baba aliamua kosa ni langu. Kwanza alilaumu mabati yangu. Kisha akalaumu mtaa. Siku moja alilaumu ndoa yangu iliyovunjika, kwa hoja kwamba nyumba yenye mwanaume ingekuwa na antena.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mzungu wa lojistiki.

Kwa miaka mingi nilikuwa sekretere wa shirika moja lenye ofisi Himbi, karibu na ziwa, mahali ambapo hata mbwa wana walinzi. Shirika letu lilikuwa la maji. Mzungu huyo alikuwa mtu mrefu mwenye magoti mekundu. Kazi yake ilikuwa kufikisha mabomba kwa wananchi, lakini moyo wake ulikuwa kwenye redio za mbali, zile za mawimbi mafupi. Baada ya chakula cha mchana aliniita juu ya paa la ofisi nimshikie duara kubwa la waya, huku yeye akizungusha kitufe cha kutafutia stesheni na kufumba macho.

"Sikiliza!" aliniambia kwa Kifaransa chake cha pua. "Hii inatoka Asia!"

Mimi nilisikia mtu anakohoa ndani ya pipa. Nikamwambia ni nzuri sana. Nilikuwa na mkataba wa kulinda.

Alipenda kueleza, na mimi sikuwa na pa kukimbilia, kwa hiyo maelezo yake yaliniingia kwa nguvu. Alisema mlingoti wa redio ni kama mtu wa umbea: unapokea kila uchafu wa umeme uliopo mtaani. Duara lina adabu. Linasikia kwa mbavu zake mbili, na upande wa uso ni kiziwi. Ukitaka lisimsikie mtu, mgeuzie uso wake. Nilifikiri wakati ule kwamba ningefurahi kuwa na masikio ya namna hiyo kwenye mikutano ya ofisi.

Mji ulipoanza kuungua, mzungu alivuka mpaka pamoja na wenzake katika magari meupe, baada ya kututumia sisi tuliobaki ujumbe wa kututia moyo. Ofisi ikafungwa. Redio yake aliondoka nayo, duara aliliacha kwenye paa. Nilipokwenda Himbi kuulizia vitu vyangu, sikukuta duara, na paa lenyewe halikuwepo.

Basi nikaanza mwenyewe. Bomba jeusi la plastiki lilipatikana bila shida. Mtaa wetu umejaa mabomba ya mradi wa shirika langu mwenyewe. Yalilazwa kati ya mawe, yakapigwa picha, na maji hayajawahi kuyapitia. Nilikata kipande chenye urefu wangu mara mbili, nikakipinda mpaka ncha zikakaribiana, nikapitisha ndani yake waya mnene wa parabole, lile sahani la juu ya bati, kwa kuwa televisheni yangu ilikuwa imekufa siku nyingi kwa kukosa abonema, ada ya kila mwezi. Msalaba wa mbao ulilishika duara lisilegee. Chini yake niliweka duara lingine dogo la waya, lisilogusana na lile kubwa. Hilo dogo ndilo linalokwenda kwenye redio.

Kikabaki kile kifaa cha kuchagulia stesheni, vile vibati vya nusu duara vinavyoingiliana kama vidole vya mtu anayesali. Hupatikana ndani ya redio za zamani. Baba alikuwa na redio ya pili, iliyokufa tangu mama yangu yuko hai, aliyoihifadhi ndani ya sanduku pamoja na suti yake ya kuzikiwa.

"Ile itapona," alisema nilipomwomba.

"Papa, ile imeoza."

"Itapona."

"Basi tuendelee kusikiliza nyuki."

Alinuna mpaka chai ikapoa. Kisha akafungua sanduku, akaitoa mwenyewe, akaiweka mezani na kugeukia ukuta ili asione nikiifungua.

Sikuwa na chombo cha kulehemu. Nilipasha msumari mnene kwenye mbabula ya makaa, uani, na kuyeyushia nao risasi niliyoitoa ndani ya redio ile ile ya marehemu. Jirani yangu, mama anayekaanga mandazi kando ya barabara ya Sake, alinitazama kwa muda mrefu juu ya uzio.

"Mama," akaniuliza, "unapika musumari? Njaa imefika pale?"

"Ninatengeneza antena."

"Ya televisheni?"

"Ya redio ya papa."

Alikitazama kile kitu changu kilichosimama kati ya rundo la mawe, kwa sababu kwenye volkano huchimbi shimo la nguzo, unapanga mawe tu na kuomba Mungu. Bomba jeusi, mbao mbili, waya, kamba za gunia.

"Papa yako yuko na bahati," akasema. "Mimi wangu alikufa bila kufanyiwa haya." Sikujua kama ni sifa au pole.

Mchana huo niliiunganisha. Kwanza hakukusikika kitu. Nikazungusha vibati polepole, kidogo kuliko upana wa kucha, na ghafla sauti ikaibuka: mtu anazungumza Kifaransa, wazi, karibu, kana kwamba ameketi chooni kwetu. Niliruka. Nakiri nilipiga makofi peke yangu. Nilimwita baba.

Alikuja na fimbo yake, akainamisha sikio, akasikiliza habari yote mpaka mwisho. Nilingoja neno moja tu, hata dogo.

"Huyu haiko ule wa zamani," akasema. "Ule wa zamani alikuwa na sauti ya mutu mwenye amekula."

Akakaa hapo mpaka jua likashuka, na hakuniambia asante. Lakini siku iliyofuata alivaa koti kabla ya kwenda kusikiliza.

Sasa inabidi niwaeleze habari za chefu wetu, kiongozi wa nyumba kumi. Ni mtu aliyehudumu chini ya kila utawala uliopita hapa na hajawahi kubadili kofia. Hubadilisha tu beji iliyo juu yake. Siku mji ulipobadilisha wakubwa, maghala ya misaada yalivunjwa, na watu wa mtaa wetu walirudi nyumbani na unga, mafuta, viti vya plastiki, na mmoja alirudi na mlango. Mimi sikwenda, lakini msinisifu: baba alikataa kuachwa peke yake. Mambo yalipotulia, amri ikatoka kwamba vitu vyote virudishwe. Chefu wetu akashika megafoni na kupita kati ya nyumba.

"Bintu ya watu irudishwe! Mungu anaona! Leteni kwangu, nitalinda!"

Watu walipeleka. Mama wa mandazi alirudisha gunia la unga huku machozi yanamtoka. Baadaye kidogo, akipita nyuma ya nyumba ya chefu, alisikia harufu ya kitu kinachokaangwa, akasimama kama aliyeitwa jina.

"Njo unga yangu," aliniapia. "Nililala nayo siku tatu. Ninaijua."

Hakuna aliyemwuliza chefu chochote. Kuwauliza watu maswali ilikuwa kazi ya wengine wakati huo.

Sasa chefu huyo akaona duara langu likichomoza juu ya uzio, akaingia uani bila kubisha. Mimi nilikuwa nafua.

"Mama, hii njo nini?"

Kulikuwa na wakati wa kuwaza jambo moja tu. Neno antena wakati ule lilikuwa karibu sana na neno mpelelezi.

"Ni ya kuanikia, chefu," nikasema, na nikatundika juu ya duara soksi za baba zilizokuwa mkononi mwangu.

"Na hii waya?"

"Inashika soksi."

Alizunguka duara. Akaligusa. Soksi zikamdondoshea maji kwenye kiatu.

"Banamuke muko na akili," akasema, akaondoka.

Angekuta mwanaume amesimama hapo, angeita askari. Kwa mwanamke aliyeshika soksi hakuona hatari, na tangu siku hiyo nimepunguza malalamiko yangu kuhusu kudharauliwa.

Tukapata kipindi kizuri, mimi na baba. Kisha ule mlio ukarudi. Mchana hewa ilikuwa safi, lakini jioni, karibu na saa ya habari, nyuki wakaingia ndani ya ndoo tena. Baba akaanza upya: mabati, mtaa, ndoa. Nikakumbuka mafundisho ya paa la Himbi. Nikaanza kugeuza duara polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayecheza na mwenzake asiyemwamini. Mlio ukapungua, ukapungua, ukafa kabisa. Nikatazama katikati ya duara kuona limeelekeza uso wake wapi. Ndani ya bomba lile, kama picha ndani ya fremu, lilikaa paa la chefu.

Nilielewa haraka. Kuran haikuwepo mtaani. Sote tulipeleka simu zetu mbali na kulipa ili zichajiwe. Chefu naye alitembea na simu yake mkononi, akilalamika kwamba imezima. Lakini vitu vilivyorudishwa kwake "kulindwa" vilikuwa vingi, na niliwahi kuona vijana wanne wakiingiza kwake sanduku zito lenye alama ya shirika. Ilikuwa onduleri, ile mashine inayochukua umeme wa betri za jua na kuufanya uwashe televisheni. Za bei rahisi hupiga kelele kwenye redio. Sasa nikajua kwamba hata zile za bei ghali hupiga.

Mtu mwenye duara lililosajiliwa kama la soksi haanzishi kesi. Shida ilikuwa moja: nilipoua mlio, na habari ilikufa nayo. Chefu na Ulaya walikuwa upande mmoja. Ukimgeuzia uso mmoja, umemgeuzia na mwenzake.

"Sasa inatoka wapi ile mulio?" baba aliuliza.

Nilifanya kosa la kumjibu ukweli. "Kwa chefu. Yuko na mashine ndani."

Nilidhani ataogopa kama watu wengine. Nilisahau kwamba baba anaogopa kitu kimoja tu, nacho ni kukosa mwanzo wa habari. Aliichomoa redio kwenye waya, akaibana kifuani ikiwa bado inalia, akachukua fimbo na kutoka.

"Papa! Papa, rudi!"

Hakurudi. Nilimkimbilia na mikono ina sabuni.

Chefu alikuwa amesimama mbele ya geti lake. Watu wa nyumba zetu kumi na wengine walikuwa wamekusanyika, kwani aliwaita jioni hiyo kuwaeleza habari za umeme. Megafoni ilikuwa mdomoni.

"Tuvumilie," alikuwa akisema. "Kuran haitakuya sasa. Hata mimi mwenyewe niko ndani ya giza kama ninyi. Watoto yangu banasoma na buji, mushumaa tu!"

Baba alipita katikati ya watu. Kila hatua aliyopiga kukaribia geti, redio ilinguruma zaidi. Alipofika mbele ya chefu ilikuwa inanguruma kama kinu cha kusagia unga.

"Chefu," alisema, kwa heshima yote. "Zima mashine yako. Habari inakaribia."

"Mashine gani, muzee?"

"Ile iko ndani. Inanisumbua."

"Muzee, hapa hakuna mashine."

Nilitaka ardhi inimeze, lakini ardhi yetu ni mwamba. Mama wa mandazi alikuwa mbele. Alimtazama baba, akaitazama redio, akamnyang'anya kwa upole. Akarudi nayo nyuma, kuelekea barabarani: redio ikanyamaza karibu kabisa. Akaja nayo mbele, akaipandisha kwenye geti: ikanguruma. Akarudi nyuma. Akaja mbele. Mara ya tatu watu wakaanza kucheka, kwanza wale wa nyuma, ambao chefu hawezi kuwaona vizuri, kisha wote.

"Ile redio iko na ugonjwa!" chefu alipiga kelele kwenye megafoni.

"Inaogopa geti yako tu," akasema mama wa mandazi.

Chefu akatafuta mahali pa kupeleka hasira yake, akaniona mimi. "Na wewe! Ile duara uliniambia ni ya soksi!"

"Ni ya soksi, chefu," nikajibu. Sijui ulimi ulipata wapi nguvu. "Inaanika na habari."

Watu walicheka tena, lakini mimi sikucheka, kwa sababu kicheko cha umati huisha na kesho ipo. Chefu alikuwa anatufikiria, mmoja mmoja. Lakini aliona pia kwamba kila mtu pale alikuwa amerudisha kitu kwake, na kwamba kila mtu alikuwa anahesabu. Akashusha megafoni.

"Kuko onduleri," akasema kwa sauti ya kawaida. "Ya shirika. Iko chini ya ulinzi. Ila ile kitu, isipofanya kazi, inaharibika. Kwa hiyo ninaifanyisha kazi kidogo. Kuilinda."

"Ah!" akasema mama wa mandazi. "Tungejua, tungekusaidia kuilinda."

Asubuhi mama wa mandazi alikuwa mbele ya geti na simu yake, na za dada zake, na nyuma yake mtaa mzima na simu zao. Chefu alifungua. Angefanya nini? Alitangaza kwa megafoni kwamba ameanzisha huduma ya bure ya kuchaji kwa raia, kwa maelekezo ya wakubwa. Akapongezwa. Nilimwona amesimama mbele ya waya zilizosokotana, akipokea shukrani kama askofu.

Kwangu ushindi ulikuja na adhabu. Zamani onduleri ililia jioni tu. Sasa ililia kutwa, kwa faida ya umma. Baba hakusikia tena chochote, asubuhi wala mchana, na alijua wa kulaumiwa ni nani: mwenye mabati mabaya na ndoa mbaya.

Nilimwendea chefu mwenyewe kuomba ukimya saa ya habari. Nilijiandaa kutukanwa. Alinitazama, akavua kofia, akakuna kichwa.

"Ile redio inazungumuza na habari ya hapa?" akauliza.

"Inazungumza."

"Ya wakubwa? Nani atabakia, nani ataenda?"

"Wakati mwingine."

Jioni ile aliizima mashine mwenyewe na kuja uani kwangu na kiti chake. Tangu hapo alikuja kila jioni. Hakukosa. Alisikiliza kwa umakini kuliko baba, na kila jina la mkubwa lilipotajwa alijivuta mbele, kama mtu anayetafuta kujua beji ipi aiandae. Watu wengine wakafuata. Mama wa mandazi alileta yaliyobaki kwenye karai. Baba aliketi katikati, amevaa koti, na alipoinua kidole hakuna aliyethubutu kupiga chafya. Mimi nilisimama nyuma, nimeshika duara, nikiligeuza kidogo kidogo kila sauti ilipofifia. Sikuwa nimepandishwa cheo tangu Himbi.

Nakumbuka jioni moja kuliko nyingine. Siku ile soko lilikuwa limefungwa, mabenki yalikuwa yamefungwa kama kawaida yao mpya, na mama wa mandazi alikuja na karai tupu kwa kuwa hakupata mafuta. Bwana wa ng'ambo akasoma kwamba utulivu unarejea Goma na wakazi wameanza tena shughuli zao za kila siku.

"Goma ya wapi ile?" akauliza mama wa mandazi. "Nihamie."

"Nyamaza!" baba akamkemea. "Sikiliza hali yako."

Na ajabu ni kwamba baba alitulia usiku huo kuliko siku zote tangu tuondoke Kibati. Alikuwa ameambiwa kwamba yuko salama. Alikula vizuri. Nilikasirika naye, na wakati huohuo nilimwonea wivu.

Halafu stesheni ikafa. Si kwa mlio. Onduleri ilikuwa imezimwa, hewa ilikuwa safi, watu walikuwa wameketi, saa ikafika, na mahali pale ambapo sauti ya bwana yule ilikaa palikuwa patupu. Nilizungusha vibati. Nikageuza duara kushoto, kulia, likazunguka lote. Majirani walinitazama kama fundi aliyekula avansi ya kazi asiyoifanya.

"Umeiharibu," baba akasema.

"Sijaiharibu."

"Umegusa kitu."

Siku ya pili patupu. Siku ya tatu hivyo hivyo. Mtandao uliporudi niliuliza huku na huku kwa simu, na jibu likaja: wenye stesheni, katika nchi yao, walikuwa wameamua kuifunga ili kupunguza matumizi. Watu wa mawimbi mafupi, walisema, ni wachache, na tunaweza kuwafuata kwenye mtandao. Nilisoma maneno hayo nikiwa nimeinua simu juu ya kichwa changu, nimesimama juu ya jiwe, mahali pekee uani kwangu ambapo mtandao hushika.

Nilimweleza baba.

"Nani alisema?"

"Niliona kwenye simu."

"Kwenye simu!" Alicheka kwa dharau ya kweli. "Kama wangefunga, wangetangaza."

Habari ya kifo cha redio haikusomwa kwenye redio, kwa hiyo haikutokea. Aliendelea kukaa pale kila jioni mbele ya ukimya ule, amevaa koti, huku majirani wakipungua mmoja mmoja. Chefu ndiye wa kwanza kurudisha kiti chake nyumbani. Mimi niliendelea kushika duara na kuligeuza ingawa nilijua hakuna kitu, na mikono iliponiuma nilibadilisha mkono. Ningeweza kumwacha. Lakini alikuwa amenyamaza, halaumu mabati wala nini, na sikuweza kustahimili baba asiyelaumu.

Katika kugeuzageuza huko ndipo tulipomnasa mwanamke mmoja anayesema Kiswahili safi kabisa, kama nguo mpya ambayo haijafuliwa, kutoka nchi ya mbali sana upande wa mashariki. Anasoma habari bila haraka. Katika nchi yake mavuno ni mazuri kila mwaka, wafanyakazi wamefurahi, na viongozi wametembelea kiwanda. Baba alisikiliza jioni ya kwanza kwa mashaka. Jioni ya pili akaniambia nisitikise duara.

Wiki hii mama wa mandazi alipita uani kuazima mbabula yangu, akamkuta baba ameinama juu ya redio.

"Muzee, leo kuko habari gani?"

"Wamefungua daraja kubwa."

"Wapi?"

"Kule kwao."

Mama wa mandazi alifikiri kidogo, mbabula mkononi. "Na sisi?"

"Sisi bado hawajatutaja," baba akasema, akaongeza sauti ya redio.